Kufunikwa, kuzama, kuelemewa: namna ya kuchagua neno sahihi la Kiingereza

Gari likitoka kwenye barabara ya vumbi tunasema limejaa vumbi. Mtu akiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo anaandika “The car is full of dust”, na Mwingereza anayesoma anaona vumbi ndani: kwenye viti, juu ya dashibodi, mpaka kwenye buti. Mwandishi alitaka kusema rangi ya gari haionekani tena. Hiyo ni “The car is covered in dust”. Sentensi ya kwanza haina kasoro ya sarufi, na ndiyo maana mara nyingi hakuna anayeisahihisha. Inaeleweka vingine, basi.

Makosa mengi ya kundi hili la maneno yako hivyo. Kiswahili kinatumia mzizi mmoja na kubadilisha mkia: funika, funikwa, funua; zama, zamia, zamisha. Kiingereza kinabadilisha neno zima kufuatana na kilichofunika, kilichofunikwa, na kama aliyefunikwa anapumua. Kisha kila neno linakuja na kihusishi chake, in, with, by au under, ambacho hakibadilishwi ovyo. Kwa hiyo usihifadhi neno peke yake. Andika daftarini neno, kihusishi na kitu kimoja kinachofuata: si “shrouded”, bali “shrouded in mist”. Orodha ya visawe ishirini isiyo na vihusishi itakufikisha kwenye “inundated of calls”, na hapo kila msomaji atajua umetoka kwenye kamusi.

Kupangusa au kumwaga

Kwa neno “jaa” kuna kipimo chepesi. Kama uchafu unaweza kuupangusa kwa kitambaa, tumia “covered in”. Kama ni lazima uumwage au uuchote, tumia “full of”. Viatu vyenye matope kwa nje ni “covered in mud”. Ukisema “full of mud” umeyaingiza ndani, mguu utakapokaa. Mkono uliojaa alama za kuumwa na mbu ni “covered in mosquito bites”. Ndoo iliyojaa maji ni “full of water”, na daladala iliyojaa watu ni “full of people”, au “packed” ukitaka kuonyesha jinsi wanavyobanana.

Baada ya “covered” kuna vihusishi vitatu. “In” ni ya kitu kilichoenea na kugandia bila mpango: vumbi, damu, jasho, rangi iliyomwagika. “With” inapendeza zaidi pale mtu alipofunika kwa makusudi: “She covered the rice with a clean cloth”. Kati ya hivi viwili mpaka ni hafifu, na “covered with dust” haitamshtua mtu. “By” ndiyo yenye mambo yake, kwa sababu hutumika kwa bima, sheria na dhamana. “Is this covered by the warranty?” ni swali la dukani kuhusu simu iliyoharibika. “I am covered with insurance” inachekesha, maana inakuchora umefunikwa karatasi za bima mwili mzima. Ukipenda njia fupi, ifanye bima yenyewe iwe mtenda: “My insurance doesn't cover glasses”, yaani bima yangu hailipii miwani.

Tahadhari na viambatisho vya “cover”. “Cover for me” ni nishikie zamu. “Cover up” mara nyingi ni kuficha kosa au kashfa, ingawa ukimwambia mtoto “cover up” kwenye baridi unamtaka avae vizuri. Nomino “a cover-up” kwa kawaida haina maana nzuri.

Kwa mandhari, Kiingereza kinaazima vitambaa. “Blanket” ni blanketi, na “The hills were blanketed in fog” ni ukungu uliotanda sawasawa, mzito, usioacha pengo. “Shroud” ni sanda, kwa hiyo “shrouded in cloud” ina kivuli cha siri au huzuni. Kilele cha Kilimanjaro kilichojificha mawinguni kinaweza kuwa “shrouded in cloud”. Tangazo la hoteli lingesema “wrapped in cloud”, kwa sababu hakuna anayetaka kumuuzia mgeni sanda. Jambo lisilojulikana undani wake ni “shrouded in secrecy” au “shrouded in mystery”. Hapo “blanketed” haiingii.

Mahali pamoja Kiswahili ndicho kinachochambua zaidi: kufukiwa na kuzikwa. Kiingereza cha kila siku kina “bury” tu kwa yote mawili, kisha kihusishi ndicho kinachosaidia. Kifusi: “buried under the rubble”. Matope, kama yale yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023: “Houses in Katesh were buried in mud”. Maiti: “He was buried in his home village”. Ukiandika “He was buried” bila kuongeza kitu, msomaji atafikiria kaburi, si ajali. Ongeza “under the rubble”, na kama mtu yuko hai, “trapped under the rubble” ni salama zaidi.

Zama: hapa ndipo maneno yanapogawanyika

Kwetu meli huzama na mtu huzama. Kwa Kiingereza chombo “sinks” na mtu “drowns”. “The ship drowned” ni kosa la wazi. Chukua MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Kwanza ilipinduka, na hilo ni “capsized”. Ikawa imelala hivyo sehemu yake ikiwa bado juu ya maji: “it lay partly submerged”. Kisha ikaenda chini: “it sank”. Abiria: “hundreds of passengers drowned”. Matukio manne, vitenzi vinne, na huwezi kubadilishana hata kimoja.

Kuna mtego mkubwa zaidi ya huo. Kiswahili kinaruhusu “alizama, akaokolewa”. Katika Kiingereza cha kawaida “He drowned” maana yake amekwisha kufa maji, hivyo “He drowned but was rescued” ni sawa na kusema alikufa kisha akaokolewa. Kama alinusurika, andika “He nearly drowned”. Kama unaeleza dakika yenyewe, “He was drowning when the fishermen pulled him out”. Tena “He was drowned” husikika kama kuna mkono wa mtu uliomzamisha, kwa hiyo kwa ajali baki na “He drowned”.

Maumbo ya “sink” ni “sank” kwa wakati uliopita na “sunk” baada ya has, have au had. “Sunken” hukaa mbele ya nomino: “a sunken boat”, “sunken eyes” kwa macho yaliyoingia ndani. Halafu “It hasn't sunk in yet” husemwa na mtu aliyepata habari nzito, nzuri au mbaya, ambayo akili bado haijaipokea.

“Submerge” na “immerse” zina asili moja, kitenzi cha Kilatini mergere, kutumbukiza, kilichozaa pia “merge” na “emerge”. Tofauti yake katika matumizi: “submerged” inaangalia maji, kwamba yamepita juu ya kitu. Jiwe lililo chini ya maji ni “a submerged rock”, na daraja lililofunikwa na mto ni “submerged”. “Immerse” inaangalia tendo la kukitia kitu ndani ya kioevu, mara nyingi kwa makusudi. Ndiyo maana mtu aliyezama kwenye kitabu ni “immersed in a book”, amejitosa mwenyewe. “Submerged in a book” inampa kitabu ujazo wa bahari.

Jikoni na kwenye vifaa vya umeme

Mapishi ya Kiingereza yana sentensi inayowachanganya wengi: “Cover with fresh water, bring to the boil, then cover and simmer for an hour”. Cover ya kwanza ni maji, kwamba yafikie juu ya maharage. Ya pili ni mfuniko. Kanuni yake: “cover with” kitu fulani ni kukimimina au kukitandaza juu, “cover” peke yake jikoni ni funika sufuria. Ukisoma “Cover by 5 cm”, maji yapite maharage kwa sentimita 5, karibu vidole vitatu.

Kuchovya mara moja na kutoa ni “dip”. Kuloweka kwa saa nyingi ni “soak”, hivyo “Soak the beans overnight”. Kuacha majani ya chai yakolee ni “steep”, na kutoka hapo tunapata “steeped in history” kwa mji kama Lamu au Kilwa: historia imeupenya mji huo kama rangi ya chai ilivyopenya maji. Kupaka tabaka jembamba pande zote ni “coat”: “Coat the fish in flour”. “Smother” ni kukifunika chakula kwa mchuzi au siagi kupita kiasi, na kwa mtu ni kumziba pumzi. Maana hizo mbili ziko karibu kuliko zinavyoonekana.

Chini ya jagi la umeme au kwenye pasi utaona “Do not immerse in water”. Haikukatazi kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Inakukataza kukitumbukiza kwenye beseni, kwa sababu maji yakifika kwenye waya kifaa kitapiga shoti. “Do not cover” kwenye hita ya chumbani maana yake usianike nguo juu yake. Kwenye ile hita ya fimbo inayotiwa ndooni maagizo yamegeuzwa: “Immerse in water before switching on”, itie majini kwanza ndipo uwashe. Ikiwashwa kavu, inaungua.

Simu yenye alama IP67 imepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji hadi mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho hufanywa kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi wala sabuni. Kwa hiyo “water resistant” si ruhusa ya kuogelea nayo Coco Beach.

Kulowa nako kuna ngazi. Nguo iliyoanikwa ikabaki na unyevu ni “damp”. Iliyolowa ni “wet”. Mvua ikikulowesha chapachapa wewe ni “soaked”, na ikifika hadi nguo za ndani, “soaked to the skin”. “Drenched” inakaribiana nayo, ila ina picha ya maji kumwagwa juu yako, na huenda vizuri na jasho: “drenched in sweat”. Angalia pia wakati wa kitenzi. Kiambishi -me- cha “nimelowa” kinaeleza hali uliyonayo sasa, hivyo jibu ni “I'm soaked”, si “I have soaked”, ambayo itamfanya mtu aulize umeloweka nini.

Maji yanapokuwa kazi, simu na madeni

Kiingereza kinapenda maji kuelezea wingi wa mambo, kama Kiswahili kinavyopenda mzigo. Maneno manne yanashindana hapa: “flooded”, “swamped”, “inundated” na “deluged”. Yote yanakubali “with”. La kwanza ni la kila siku. “Swamped” ni la mazungumzo ya ofisini na linahusu zaidi kazi: “I'm swamped this week”, nimetingwa wiki hii. “Inundated” ni rasmi kidogo na hupenda vitu vinavyoingia kutoka nje, kama simu, maombi na malalamiko: “We have been inundated with applications”. Asili yake ni unda, wimbi kwa Kilatini. “Deluged” ni kali kuliko yote, ni gharika. Itumie mara chache, vinginevyo barua yako itaonekana ya gazeti la udaku.

“Snowed under” ni nzuri pia kwa kazi, hata kusikoanguka theluji. Usijaribu kuifanya ya kienyeji kwa kusema “rained under”. Haipo.

Madeni na makaratasi yana kitenzi chake: “drowning in debt”, “drowning in paperwork”. “Debt” hapo haipokei s. Watu wakimiminika mahali, “people poured in”. Watu wakikimbilia ofa, “customers flocked to the shop”, ambapo picha imehama kutoka maji kwenda kwenye kundi la ndege.

Sasa “overwhelm”. Sehemu ya pili, whelm, ni neno la zamani la kupindua, na wimbi linalopindua mtumbwi ndiyo picha ya kukaa nayo. Kosa linalorudiwa kuliko mengine ni “I am overwhelming with work”. Mkia wa Kiswahili unalitatua: kinachoelemea ni “overwhelming”, anayeelemewa ni “overwhelmed”. Ile -wa ya “elemewa” ndiyo -ed. Kazi ni “overwhelming”, wewe ni “overwhelmed”.

Neno hili halina ubaya lenyewe. Mtu anaweza kuwa “overwhelmed with joy” kwenye mahafali na “overwhelmed by grief” msibani. “An overwhelming majority” ni wingi wa kura usiobishaniwa. Kumwandikia bosi “I'm overwhelmed”, hata hivyo, ni kukiri kwamba kazi imekushinda, siyo tu kwamba ni nyingi. Kama unataka muda wa ziada, andika “I have a lot on this week. Could I send it on Friday?” Inafika mbali zaidi.

Mpaka shingoni

Maji yakitufika shingoni tuko pabaya. “I'm up to my neck in work” inafanana nayo kwa umbo, ila ni nyepesi. Husemwa hata kwa tabasamu. Shida ya kweli ni “I'm in over my head”: nimeingia nisikokuweza, maji yamepita kichwa. “Out of my depth” ni mguu kutogusa chini, yaani jambo limezidi ujuzi wangu, kama fundi wa pikipiki aliyepewa injini ya ndege. Wanaposema mwanasiasa ameingia maji marefu, chagua kwa sababu: kama ni hatari, “in deep water”, kama ni uwezo mdogo, “out of his depth”.

Duka linalosukuma siku ni “keeping its head above water”. Likifilisika, “it went under”. Na maji yakizidi unga, acha unga na maji nyumbani. Sema “It's got out of hand” au “It's more than I can cope with”.

Yanavyotamkwa

Herufi zitakudanganya. “Flood” inatamkwa flad, kwa sauti ya blood, wala si ya food. “Bury” ni beri, sawasawa na lile tunda. “Smother” ni mother yenye s mbele. “Overwhelm” haina h ya kusikika kwa wengi, na mwisho wake ni silabi moja: usiongeze irabu ukapata “welimu”. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo “inundate” hutoka vibaya. Mkazo wake uko mwanzoni, IN. “Deluge” vivyo hivyo, DEL. “Submerge” mkazo uko mwishoni.

Mwisho wa -ed huwa silabi kamili tu baada ya t au d: “flooded” silabi mbili, “inundated” nne. Kwingine humezwa: “soaked” ni soukt, “swamped” ni swompt, “drowned” ni draund. Anayesema “draundedi” ameongeza -ed mara mbili, na akiliandika atalikosea pia.

Jipime

Tafsiri hizi kabla ya kuangalia majibu. Mikono yake ilijaa unga. Alizama, wavuvi wakamwokoa. Ofisi imefurikiwa na malalamiko. Mradi huu umenielemea. Uwanja umejaa maji, mechi imeahirishwa.

La kwanza ni “Her hands were covered in flour”. “Full of flour” ingekuwa sawa kama ameuchota kwa viganja. La pili, “She nearly drowned, but fishermen rescued her”. La tatu, “The office has been inundated with complaints”. La nne lina njia mbili: “This project is overwhelming” au “I'm overwhelmed by this project”. La tano, “The pitch is waterlogged and the match has been postponed”. “Flooded” nayo inakubalika pale maji yanapoonekana yametuama juu ya nyasi. “Waterlogged” inatosha hata kama juu pamekauka, ilmradi ukikanyaga maji yanachuruzika kutoka ardhini.